Nyumba ya Ngazi Mbili

Mtu akiniuliza nyumba yetu ya Mengo ilikuwaje, naanza na habari ya ngazi, kwa sababu bila kuzijua ngazi zake hujaijua nyumba. Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa mbele, pana, ya mbao za mvule, inashuka kwa mapozi kutoka ghorofani mpaka katikati ya sebule. Nyingine ilikuwa nyuma, nyembamba, ya giza, imebanwa baina ya kuta mbili, inaanzia jikoni, inapinda mara moja na kutokea juu. Mama yangu aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi akatoka mjane, na miaka yote hiyo alipanda na kushuka ile ya nyuma. Jambo hilo lilinikera tangu nina akili zangu.

Nyumba yenyewe haikujengwa kwa ajili ya watu kama sisi. Aliijenga Mwingereza mmoja aliyekuwa na viwanda vya kuchambua pamba, na alichotaka, kwa jinsi alivyosimulia babu, ni kuamka Mengo na kuiona nyumba ya wazee wake, zile nyumba kubwa za mashambani kwao ambamo bwana mmoja alikaa na watumishi tele na ardhi isiyoonekana mwisho. Basi akachomesha matofali mekundu, akaweka mapaa mawili yaliyochongoka ya kumwaga theluji. Theluji Mengo ataipata wapi? Vilivyoyaangukia mapaa yale miaka yote ni mvua na mafenesi. Akajenga dohani tatu. Akaweka dirisha kubwa la vioo vidogovidogo, limetokeza nje ya ukuta kama tumbo la mja mzito, nasi tukaliita hivyo hivyo, dirisha la tumbo. Sebule aliipandisha juu mpaka ukisema neno linakurudia.

Sisi kwa asili ni watu wa pwani. Wazee wetu walikuja huku na bidhaa zao, wakaoa, wakazika, hawakurudi. Nje tunasema Kiganda, ndani Kiswahili, na majirani mpaka leo wanatuita Waswahili kana kwamba tumeshuka jana. Mzungu alipofunga virago, babu akainunua nyumba, yeye na duka lake la vitambaa, na mimi nadhani aliinunua kuonyesha tu kwamba anaweza. Aliipenda mno. Bibi hakuipenda hata kidogo. Kwa desturi aliyokulia bibi, nyumba huangalia ndani, ina ua wake katikati, mwanamke anapika, anafua, anaota jua, na hakuna wa kumwona. Hii iliangalia nje kila upande. Madirisha yalivyokuwa mengi, bibi alikuwa akiuliza huyo Mzungu alikuwa akimvizia nani.

Siku walipohamia, na hapa babu alikuwa akijikamata mbavu kwa kucheka, bibi alileta chetezo chake afukize nyumba mpya kwa udi. Akaona ukutani pana tundu la mawe lililotengenezwa maalumu kwa moto. Akasema kumbe Wazungu nao wana akili, wamejenga mahali pa chetezo. Akakiweka humo. Udi wote ukapanda dohani ukaenda zake. Nyumba haikunukia hata chembe, lakini huko barabarani wapita njia wakawa wanasimama na kuvuta pumzi. Bibi akaendelea hivyo kwa siku kadhaa, akimtukana aliyemuuzia udi mbovu, mpaka mtu alipomwambia ainame atazame juu, ataona mbingu.

Kitu kimoja tu bibi alikielewa mara moja, tena sawasawa. Mabwana wa zile nyumba za Uingereza hawakupenda kuwaona watumishi wao. Walitaka kitanda kitandikwe, maji ya moto yafike, majivu yazolewe, lakini mtu aliyefanya hayo asionekane. Kwa hiyo nyumba zao zilikuwa mbili ndani ya moja, ya mbele ya wenyewe na ya nyuma ya watumishi. Mzungu wetu naye akafanya vivyo hivyo. Juu ghorofani, katikati ya ukumbi, akaweka mlango mzito uliopigiliwa kitambaa kinene cha kijani, hata sauti isipite. Nyuma ya mlango huo ndipo ilipokuwa ngazi ya giza. Bibi alipouona akasema, kumbe hii nyumba ina stara. Akaamuru wake wa wanawe wapite nyuma. Mbele ikawa ya wanaume na wageni wao.

Na ukweli usemwe, ile ngazi ya mbele isingemfaa mwanamke mwenye haya. Ilijengwa ya kuonekana. Ukianza kushuka, walio chini wanaona kwanza viatu vyako, halafu magoti, halafu kiuno, uso unafika mwisho, na wote wamenyanyua vichwa. Mabibi wa Kiingereza walizishukia karamu zao hivyo, gauni likiburura. Sebule yetu ilijaa wafanyabiashara na walimu wa dini tangu asubuhi. Mama angeshukaje hapo?

Hayo nayaelewa. Kilichonichoma ni kengele. Jikoni, juu ya mlango, palikuwa na safu ya kengele ndogo za shaba zilizounganishwa kwa nyaya na vyumba vya mbele, na kila bwana wa Kiingereza akivuta kamba chumbani, mtumishi huku anajua anaitwa wapi. Bibi alikaa siku nzima chumba chenye dirisha la tumbo, na kamba iko karibu na mkono wake. Akivuta, kule jikoni kengele inatikisika, mama anafuta mikono, anapanda ngazi ya giza. Maji. Kengele. Ubani. Kengele. Miguu inaniuma, njoo unikande. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nilimchukia bibi yangu kwa ile kengele. Namwombea Mungu amrehemu, na bado nikiikumbuka ile sauti nakunja uso.

Mara nyingi alasiri nilimkuta mama amekaa pale ngazi inapopinda. Kwenye ule mpindo palikuwa na kipandio kimoja kipana kuliko vingine. Yeye alikaa upande wa ukutani, kanga imefunika magoti, mikono mapajani, hafanyi lolote. Ukimkuta pale anakufukuza. "Pita nje," ananiambia, "zunguka." Basi nazunguka bustani nzima nikiwa na mzigo wa nguo kichwani, roho inaniuma, nikisema moyoni mama kajificha analia. Nikajiapiza nikikua sitapita mlango wa nyuma wa mtu yeyote. Na kweli sikupita. Niliolewa Kyebando katika nyumba yenye mlango mmoja tu, na mume akaja akashindwa na mdomo wangu, tukaachana, nikabaki na cherehani na mlango wangu.

Babu alikufa, bibi akafuata. Baba mdogo naye akatangulia. Nyumba ikabaki na baba na mama peke yao, wazee wawili katika vyumba vyote vile, na wageni wa sebuleni wakapungua mpaka ikawa ni wa sikukuu tu. Hakukuwa tena na mtu wa kumficha mama. Lakini alikuwa bado anapita nyuma. Nilimgombeza. Nilimwambia, mama, bibi amekwisha kufa, ngazi ya mbele ina mwanga, ina pa kushika, wewe umri umekwenda, utaanguka humo gizani tukuokote vipande. Akinijibu ananiambia, "Haya, mama." Kisha anapita nyuma. Baba akisikia hucheka tu kikohozini.

Baba alikufa asubuhi, nyumbani, kifo cha taratibu. Adhuhuri wanaume wakamtoa kwa ngazi ya mbele. Siwezi kumnyima Mzungu yule haki yake, kwa hilo ngazi aliijenga vizuri. Jeneza lilishuka lote bila kuinama, wanaume wakabadilishana mabega bila kusukumana, tahlili zao zikajaa sebule mpaka darini. Mimi na mama tulisimama juu, yeye nyuma ya mlango wa kijani ameuacha wazi kiasi cha jicho. Wanawake kwetu hawafuati jeneza. Mlango mkubwa wa chini ulipofungwa, akaniuliza:

"Hawakumgonga ukutani?"

"Hawakumgonga, mama."

"Maana bega la kushoto lilikuwa likimuuma."

Ndipo akakaa chini sakafuni pale pale, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona analia, mimi niliyejiaminisha maisha yangu yote kwamba anajificha ngazini kulia.

Akaingia eda. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Unakaa katika nyumba aliyokuacha mumeo, hujipambi, hujitii manukato, hutoki pasipo dharura, na wanaume wasio maharimu wako hawakuoni. Watu wengine huona ni kifungo. Mama aliona ni haki yake. Alisema amemhudumia yule mtu maisha mazima, sasa anataka akae kitako amlilie kwa raha yake, asisumbuliwe.

Kusumbuliwa ndiko kulikokuja. Nyumba ilikuwa ya baba na ya baba mdogo nusu kwa nusu, na watoto wa baba mdogo walitaka fungu lao. Haki yao, sibishi. Mimi na kaka yangu tungeuza hata figo tusingeweza kuwafidia. Akapatikana mnunuzi, mtu mpole, mwenye maghorofa ya kupangisha upande wa pili wa mji. Alichotaka ni ardhi. Nyumba kwake ilikuwa kitu cha kuondoa. Kaka yangu, ambaye ni mtu wa amani kupita kiasi, akamweleza habari ya eda, na yule bwana akainamisha kichwa, akasema hatabomoa mpaka mama atoke. Tukashukuru. Hakusema, na sisi hatukumuuliza, kama atang'oa vitu kabla ya hapo.

Nilipompelekea mama habari kwamba nyumba imeuzwa, alikuwa akichagua mchele. Akaendelea kuchagua. Hakuuliza nani wala kwa nini. Akasema, "Nitakapotoka eda, nataka nitoke pale alipotoka baba yako."

"Kwa ngazi ya mbele?"

"Ndiyo. Mara moja tu. Nishuke, nitoke kwa mlango mkubwa, basi."

Sijui kama mtu ataelewa neno hilo lilinifanya nini. Nilisimama pale nimeshika ungo wake. Miaka yote nimemgombeza apite mbele, na leo amelitamka mwenyewe. Nikamwambia atapita, hata kama nitailalia ile ngazi kwa tumbo langu. Nilikuwa nasema tu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki chache baadaye nilikuta mbele ya nyumba pana lori na mafundi. Mkubwa wao alikuwa Mkongo, mtu wa Bukavu, mnyamavu, ana rozari shingoni na penseli sikioni. Walikuwa wameshatandaza turubai sebuleni na mmoja yuko magotini kwenye kipandio cha kwanza, ana tindo mkononi. Nikamuuliza anafanya nini hapo.

"Mama, siye banatutuma tu," mkubwa wao akanijibu. "Patron anasema tuanze na iyi ya mbele. Iko na mteja."

Mteja alikuwa mtu anayejenga hoteli kando ya ziwa. Mvule kama ule, alinieleza fundi huku akiupapasa, siku hizi haupatikani, na yule mteja anataka ngazi nzima na nguzo zake na yale matufe ya mbao yaliyokuwa juu ya nguzo, ambayo mimi na kaka yangu tuliyang'arisha kwa makalio tukiteleza. Nikamwambia fundi ngazi haiguswi. Akasema yeye hana neno, anayejua ni patron. Nikasema vizuri, patron atanikuta hapa.

Nikakaa. Kesho yake nikaja na mkeka, na lundo la sare za shule zilizotaka kupindwa kwa mkono, na chupa ya chai, nikatandika kwenye kipandio cha tatu na kushona. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Mafundi wakanizunguka. Wakang'oa madirisha, wakang'oa mbao za ukutani, wakang'oa lile jiko la mawe alilofukizia bibi udi wake, na mimi niko katikati ya vumbi nashona marinda. Kaka yangu akaja akaniambia nawaaibisha. Nikamwambia aende zake, aibu ni yangu, nimeizoea.

Patron, yule mnunuzi wetu, akaja mwenyewe hatimaye. Nilikuwa nimejitayarishia maneno makali, nimeyapanga njia nzima kutoka Kyebando, lakini yule bwana alisimama pale chini, akavua kofia, akaniita nyabo, kwa heshima kama mama yake, na maneno yote yakaniishia. Nikamwambia ukweli tu. Kwamba juu, nyuma ya ule mlango wa kijani, yuko mjane amekaa eda. Kwamba mumewe alishushwa kwa ngazi hii. Kwamba yeye hajawahi kushuka hapa, na anataka kushuka siku moja kisha haitaki tena. Akatazama juu muda mrefu. Akasema, "Siku atakayotoka, akishateremka tu, mafundi waanze saa hiyo hiyo." Tukaafikiana.

Basi ngazi ikabaki na nyumba ikaondoka. Sijui niseme vipi. Vigae vya mbele viliteremshwa, mvua ikanyesha sebuleni, nikawa nafunika vipandio kwa turubai na kuvikausha asubuhi kwa kanga kuukuu. Watu wa Katwe, wale wa vyuma chakavu, walikuja na mkokoteni wakachukua mifereji, vyuma vya madirisha, mabomba. Walichukua na kengele. Niliwasaidia kuzifungua kengele kwa mikono yangu, nikazitupia kwenye gunia, na nilipoziona zinaondoka zikilialia huko mkokotenini, nikashangaa nafsi yangu, machozi yalinitoka. Dirisha la tumbo lilipong'olewa, mbele ya nyumba ikawa na tundu ambalo kunguru waliingia na kutoka.

Kule nyuma ya mlango wa kijani mama aliyasikia yote. Nikimpelekea chakula ananiuliza, hicho kishindo cha asubuhi kilikuwa nini? Namwambia dirisha. Na kile cha mchana? Dari. Anatikisa kichwa. Hakuniambia hata mara moja kwamba anasikitika. Alizidi kukaa pale kwenye mpindo wa ngazi ya nyuma, alasiri baada ya alasiri, upande wake ule ule wa ukutani. Nilidhani anakimbia vumbi, kwani mlango ule ulizuia kweli. Nikampelekea mto akalie. Aliuweka pembeni yake.

Siku moja fundi aliniuliza habari ya ngazi ya nyuma, maana huko hakuruhusiwa kufika. Nikamwambia ni mbao za bure tu, nyembamba, zimeliwa katikati kwa kukanyagwa. Akasema, "Iyo itaenda na kifusi," akaendelea na kazi yake. Sikuona neno. Ningeweza kuivunja mimi mwenyewe kwa shoka, hivyo nilivyoichukia.

Siku ya kutoka eda nilifika mapema. Niliivua ngazi ya mbele turubai, nikaiosha kipandio kwa kipandio, nikaipaka mafuta ya nazi mpaka mvule ukarudisha ile rangi yake ya asali. Sebule haikuwa na dari wala madirisha, jua liliingia lote. Wakaja shangazi zangu na majirani, wanawake watupu, wakakaa kwenye mikeka wakitazama juu kwa adabu. Kaka yangu alisimama nje ya mlango mkubwa na mafundi, tindo zao ziko tayari. Nilimwogesha mama, nikamvisha gauni jipya la buluu, nikamfukiza udi kwa mara ya kwanza tangu aondokewe. Alikuwa amekonda lakini ni mzuri. Nikamwambia, mama, mimi natangulia chini, nataka nikuone ukishuka. Akasema haya.

Nikashuka, nikasimama miongoni mwa wale wanawake, nikanyanyua kichwa. Nilikuwa na furaha ya kijinga, siifichi. Nilikuwa nasubiri kuona kwanza viatu vyake.

Tulisubiri. Tuliona kivuli chake kikifika pale juu, kikasimama. Halafu hakikuwepo. Shangazi mmoja akakohoa. Nikasubiri tena, nikidhani amesahau kitu, kisha nikapanda.

Nikausukuma mlango wa kijani. Nikausukuma mlango wa kijani. Harufu ya udi ilikuwa inatoka chini, gizani, nikaifuata. Alikuwa amekaa kwenye mpindo, na gauni lake jipya, bega limeegemea ukuta.

"Mama, watu wanakungoja."

"Najua."

"Wewe mwenyewe ulisema unataka kutoka pale alipotoka baba."

"Nilisema." Hakuwa na haraka. "Nimefika pale nikatazama chini. Umeifanya nzuri, mwanangu, inang'aa. Lakini kule alipitishwa. Hajui hata kama alipita. Huku alikuwa akija mwenyewe."

Ndipo akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba nimekuwa nikijua siku zote. Nyumba ilivyokuwa imejaa, bibi mbele, baba mdogo na mkewe, wageni sebuleni, watoto kila kona, hakukuwa na mahali ambapo mume na mkewe wangekaa mchana wakasema maneno mawili. Baba akirudi dukani alasiri alipanda ngazi ya mbele, akawasalimu wazee, akapita ule mlango wa kijani, akashuka gizani mpaka hapa. Mfukoni ana kabalagala mbili, vile vitumbua vya ndizi, ndani ya karatasi, za moto, zimetoka mafutani. Wakazila. Akamweleza habari za dukani, nani kaja, nani kamchekesha. Kengele ikilia, baba alimshika mkono akamwambia, mwache avute kidogo. Waliketi hivyo tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yao. Na hata walipobaki wawili tu, nyumba nzima tupu yao, na viti vyote vya sebuleni vyao, alasiri ikifika walikuja kukaa hapa. Mwaka wa mwisho kifua kilikuwa kibaya, baba alishuka kwa kukaa, kipandio kimoja, anapumzika, kingine.

Nilisimama gizani, nimeshika kanga ya kumfunika mabega. 

"Na hii nani ameinunua?" akaniuliza, akipapasa mbao iliyoliwa.

"Hakuna, mama."

"Wataipeleka wapi?"

"Itakwenda na kifusi."

Akafikiri. "Afadhali," akasema.

Nililia pale mbele yake kama sijalia hata siku ya msiba. Nilimlilia baba, na nililia kwa zile sare zote nilizozipinda kwenye ngazi isiyo yake. Yeye alinitazama tu. Nikataka kukaa karibu naye, nafasi ilikuwepo, kipandio kilikuwa kipana na yeye amejibana ukutani. Nikainua gauni langu nikae. Akaweka kiganja pale, taratibu.

"Hapo pana mtu," akasema.

Nikashuka kipandio kimoja, nikakaa chini yake. Baada ya muda mlango wa kijani ukafunguliwa kidogo kule juu, na sauti ya kaka yangu ikaja nyembamba, anasema fundi anauliza kama mama ameshateremka. Nikamjibu ndiyo, ameshateremka, waambie waanze.